UZI MAALUM: Dawa nyekundu ya kemo (doksorubisini). Kama unauguza mgonjwa pita hapa, hatari kubwa haiko kwenye kiti cha dripu, iko nyumbani

Nesi wa Zamu (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Mimi ni nesi, nipo wodi ya kemo muda mrefu tu, hospitali jina kapuni. Nimepita nyuzi nyingi humu za kansa, nusu ya majibu ni kutishana, nusu iliyobaki ni watu kuuza mizizi inbox. Leo naongelea dawa moja tu, ile nyekundu ambayo wagonjwa wanaijua kwa rangi kabla ya jina. Jina lake ni doksorubisini, kwenye box unaweza kukuta Adriamycin. Inatumika kansa ya matiti, limfoma (kansa ya tezi), sarkoma za mifupa na misuli, na kansa kadhaa za watoto. Kwa matiti mara nyingi inaenda pamoja na kemo nyingine, siklofosfamidi, kila baada ya siku 21, mara 4, alafu mgonjwa anahamia kemo ya tatu, paklitakseli.

Sio dawa mpya hii. Asili yake ni bakteria wa kwenye udongo, ndugu yake wa kwanza alipatikana kwenye udongo wa Italia karibu na ngome ya Castel del Monte, na hilo Adriamycin limetoka kwenye bahari ya Adriatiki. Marekani wameipitisha 1974. Yaani kuna miaka 50 ya uzoefu nayo, madhara yake yanajulikana mpaka tarehe yanapotokea, ndio maana inaniuma mtu anapopotea kwa kitu ambacho kalenda ilishakitaja.

Na hiyo ndio hoja yangu. Watu wanaogopa siku ya dripu. Ndugu wanakuja watatu, wanasali, wanabeba uji, mgonjwa anashikwa mkono. Siku ile ikipita salama wote wanashusha pumzi, mgonjwa anapandishwa basi kurudi Songea au Kigoma au anarudishwa Mbagala, na kila mtu anarudi kwenye mishe zake. Alafu siku ya kumi mama anasema "nahisi baridi kidogo". Hapo ndipo penyewe.

Iko hivi. Doksorubisini inashambulia seli zinazogawanyika haraka. Kansa inagawanyika haraka, lakini na uboho wa mifupa unaotengeneza damu nao hivyohivyo, ngozi ya ndani ya mdomo hivyohivyo, mizizi ya nywele hivyohivyo. Chembe nyeupe za damu (askari wa mwili) hazipungui zote siku ileile, zinashuka taratibu na zinafika chini kabisa kati ya siku ya 10 na ya 14, alafu zinapanda, siku ya 21 zinakuwa zimerudi na ndipo tunapima FBP (kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu) na kumpa mzunguko mwingine. Kuanzia kama siku ya 7 mpaka ya 14 mgonjwa anatembea, anaongea, pengine hata anapika, lakini hana askari mwilini. Bakteria wake mwenyewe wa tumboni au wa mdomoni wanaweza kuingia kwenye damu na kumuua ndani ya siku moja. Sijakosea kuandika, siku moja.

Na kwasababu hana chembe nyeupe, hata usaha hautoki, kidonda hakivimbi, kikohozi hakina makohozi. Dalili inaweza kuwa homa tu, basi. Kwa hiyo homa ya 38 kwa mtu wa kemo ni dharura sawasawa na mtu aliyegongwa na gari. Sio ya kusubiri kukuche, sio ya kumpa Panadol uone. Panadol inashusha namba kwenye kipima joto, bakteria inawaacha wanaendelea na kazi, ukimpeleka kesho daktari anakuta 37 anasema mbona yuko sawa.

Sasa kwetu huku kuna mtego mmoja ambao vitabu vya wazungu havina. Homa kwa Mtanzania ni malaria. Mtu akipata homa anapelekwa duka la dawa pale kona, anauziwa mseto, anaambiwa ameze dozi siku tatu. Kwa mgonjwa wa kemo hizo siku tatu ndio zinazomaliza. Mi nasema hivi: apimwe malaria ndiyo, na ikionekana atibiwe, lakini hata ikionekana damu nyeupe ziangaliwe hukohuko na antibiotiki ya mshipani ianze. Lengo linalotumika kote ni saa moja tangu afike mlangoni.

Shida nyingine ni zahanati au hospitali ya wilaya usiku. Unafika, kuna foleni, kijana wa zamu hajawahi kuona mtu wa kemo. Usiseme "mama ana homa". Ukisema hivyo unapewa kiti usubiri na wengine. Sema: "Huyu yuko kwenye kemo, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, ana homa 38, tunaomba FBP na antibiotiki ya mshipani sasa hivi." Shika kadi yake mkononi, na namba ya simu ya wodi ya kemo iandikwe juu ya kadi kwa kalamu nene, ili daktari wa pale apige aongee na wa kule. Nimeshaona wagonjwa wakipona kwasababu mtoto wa kidato cha tatu alijua kusema hiyo sentensi.

Kipima joto cha kidijitali nunua. Kiganja kwenye paji la uso hakihesabiki. Na usimpime njia ya haja kubwa wala kumwekea dawa ya huko kipindi hicho, mchubuko mdogo tu kule unafungua mlango.

Hata bila homa, hivi vinakupeleka hospitali: kutetemeka, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, kuhara kusikokata, kutapika mpaka maji hayakai, damu kwenye fizi au puani isiyokata. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, nazo hushuka, watu wanasahau hilo.

Nakuja na sehemu ya mshipa, moyo na dawa za kununua nje. Nisubirini nimalize zamu.

---

Binti Kigamboni

Asante sana dada nesi. Mama yangu katoka kuchomwa mzunguko wa pili wiki iliyopita jumatatu, leo tangu asubuhi anasema mwili mzito, nimempima hapa kipimo kimesoma 38.2. Nilimpa Panadol saa nne. Ana mdomo una vidonda pia. Anasema hataki kwenda hospitali kachoka nako, kesho kutwa ana kliniki. Nisubiri hiyo kliniki au

Nesi wa Zamu

Binti Kigamboni usisubiri chochote. Toka sasa hivi. Hesabu mwenyewe, jumatatu ya wiki iliyopita mpaka leo mko ndani ya dirisha lenyewe, na hiyo 38.2 imetoka juu ya Panadol, ina maana homa halisi inaweza kuwa kubwa zaidi. Vidonda vya mdomo ndio mlango. Beba kadi, bajaji mpaka kivukoni au bodaboda mpaka hospitali kubwa ya karibu yako, usiangalie kama ndio anapochomewa kemo. Mama akigoma mwambie nesi kasema sio kulazwa kwa ajili ya kemo, ni kwa ajili ya damu. Ukifika tuandikie.

Mzee wa Mitishamba

Haya ndio yaleyale. Kemo inaua watu kuliko kansa yenyewe, huyo nesi mwenyewe kakiri inaua askari wa mwili. Mababu zetu walitumia miti na hawakuwa na kansa. Mwenye mgonjwa aje inbox kuna unga wa mizizi saba unasafisha damu.

Chuma Mboga

Mzee mababu zetu walikufa na kansa wakaambiwa wamerogwa, tusidanganyane

Nesi wa Zamu

Mzee wangu shikamoo. Sibishani na miti. Kuna dawa ya kemo inaitwa vinkristini, tunaichoma kila wiki, imetoka kwenye ule mmea wa Madagascar wenye maua ya pinki na meupe ambao huku pwani watu wanaupanda uani kama pambo. Kwa hiyo mti ni dawa, hilo nimekubali mimi kabla yako. Tofauti ni kwamba vinkristini inapimwa kwa miligramu, mtu mzima mara nyingi hazidi 2 kwa dozi moja, ukizidisha inaua. Wewe unga wako una miligramu ngapi za nini kwenye kijiko? Na msichemshe hilo ua jamani, kwasababu najua kuna mtu ameshatoka nje kuliangalia. Ni sumu.

Kwa wagonjwa: ukiwa unatumia kitu chochote cha kienyeji mwambie daktari, hatutakufukuza. Doksorubisini inatolewa mwilini na ini. Ini likichoka dawa inakaa mwilini muda mrefu na kila dhara linakuwa kubwa. Ndio maana tunapima bilirubini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya ini), ikipanda kidogo dozi inakatwa nusu, ikipanda zaidi inabaki robo, ikizidi sana haitolewi kabisa. Sasa mtu anakunywa unga usiojulikana katikati ya mizunguko, ini linapanda, daktari anahangaika kutafuta sababu, na mgonjwa yuko kimya anaona aibu.

Nesi wa Zamu (sehemu ya pili)

Haya tuendelee. Mshipa.

Hii dawa ikiwa ndani ya mshipa ni sawa, ikitoka nje ya mshipa ikaingia kwenye nyama inaunguza. Sio kuvimba kwa kawaida kama dripu ya maji ikihama. Nyama inakufa, na haionekani siku ileile. Siku ya kwanza unaona wekundu na kauvimbe, baada ya siku kadhaa ngozi inabadilika rangi, wiki zinazofuata panafunguka kidonda ambacho hakifungi, wengine wanaishia kuwekewa ngozi ya kupandikiza.

Kwa hiyo ule utaratibu wetu unaowachosha una maana. Tunatafuta mshipa wa mkono wa mbele, tunakwepa kwenye kiwiko na mgongo wa kiganja tukiweza, hatuchomi mkono wa upande ambao alitolewa tezi za kwapa. Tunapitisha maji kwanza, tunavuta tuone damu inarudi, ndipo tunaisukuma polepole dakika 3 mpaka 10 huku dripu inatembea, na tunavuta tena katikati. Ile sindano kubwa ina rangi ya juisi ya rozela kabisa na nesi amekaa hapohapo kavaa aproni na glavu mbili. Akiunganisha akaondoka kwenda kupokea simu, muite arudi. Una haki hiyo.

Mgonjwa kazi yake ni moja: ikichoma, ikiuma, ikikaza, ikiwasha, sema HAPOHAPO. Wamama zetu wana tabia ya kuvumilia, anauma meno anasema "nilijua ndio dawa yenyewe ilivyo". Hapana. Haitakiwi kuuma. Kuna kamstari kekundu kanaweza kutokea kufuata mshipa na kuwasha bila maumivu, hako mara nyingi kanapotea chenyewe ndani ya saa moja, lakini sema tu, wa kuamua ni nesi sio wewe.

Ikitokea imevuja: inasimamishwa palepale, kanula (kamrija kaliko mshipani) isitolewe haraka, kwanza tunavuta kile kinachovutika, wala hatusukumi maji. Alafu barafu. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15, mara 4 kwa siku, siku 3, mkono juu. Nasisitiza barafu kwa hii nyekundu kwasababu vinkristini ikivuja ni kinyume, yenyewe inataka joto. Nimewahi kuona ndugu kwa upendo kabisa anamkanda mgonjwa maji ya moto, anaisambaza. Ipo na dawa ya kuzuia kuungua, deksirazoksani, inatakiwa ianze ndani ya saa 6, sio kila hospitali inayo. Piga picha ya sehemu ile siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, itasaidia kliniki.

Moyo. Hili ndilo lisiloonekana. Doksorubisini inachosha misuli ya moyo na uchovu huo unajumlishwa, haufutiki mwaka ukiisha. Kuna kiasi cha maisha yote, madaktari wengi hawavuki miligramu 450 mpaka 550 kwa kila mita mraba ya mwili (ukubwa wa mwili unaokokotolewa kwa urefu na uzito). Dozi ya kawaida ya matiti ni 60 mara 4, jumla 240, kwa hiyo unabaki chini ya mstari. Maelezo ya dawa yenyewe yanasema kwenye 300 moyo kudhoofika ni kama mtu 1 au 2 kati ya 100, kwenye 450 ni 5 mpaka 8, kwenye 500 inaweza kufika 20. Unaona inavyopanda ghafla. Ndio maana kuna kipimo cha eko (ultrasound ya moyo) kabla ya kuanza, usikikwepe kwasababu ya gharama ukaona kama wanakula hela yako. Aliyewahi kupigwa mionzi ya kifua, mzee, mtoto, mwenye presha, hawa mstari wao ni wa chini zaidi.

Sasa tatizo la kwetu ni wagonjwa kuhama. Kaanzia hospitali ya Bugando, kamalizia Ocean Road, baada ya miaka kansa imerudi yuko hospitali ya KCMC, na ile kadi ya mwanzo iliungua au panya walikula. Daktari wa tatu hajui ameshapewa ngapi. Andika mwenyewe kwenye daftari la shule, jina la dawa, tarehe, miligramu. Piga picha utume kwa watoto wawili watatu kwenye WhatsApp. Akianza kuchoka kwa kupanda ngazi chache, miguu inavimba, analala lazima aegemee mito, hata kama kemo iliisha miaka mingi nyuma, aende na hilo daftari.

Na uzito, kwasababu dozi inatokana na urefu na uzito. Kila mzunguko apimwe upya, bila viatu, bila koti, bila pochi mkononi. Mtu aliyekonda sana katikati ya matibabu akipewa dozi ya uzito wa mwanzo anapewa kupita kiasi.

Kipchumba_Eld

Niko Eldoret, asante kwa uzi. Sisi mtoto wa dada yangu ako na Burkitt, aina ya limfoma, yuko na miaka 6, amewekewa vinkristini kwa mshipa na pia kuna dawa ingine anadungwa kwa uti wa mgongo siku ingine. Nilisikia mtu akisema wakichanganya hizo mbili mtoto anakufa, hiyo ni ukweli ama ni story za jaba?

Nesi wa Zamu

Ni kweli mkuu, sio stori za jaba. Vinkristini ni ya mshipani TU. Ikiingia kwenye uti wa mgongo inaua karibu kila mara, na kifo chenyewe ni kibaya, kupooza kunapanda kutoka miguuni. Kisa kinachofundishwa dunia nzima ni cha Nottingham, Uingereza, Januari 2001, kijana wa miaka 18, Wayne Jowett, alikuwa amebakiza kidogo amalize matibabu, madaktari wawili chumbani, dawa mbili mezani, akachomwa vinkristini mgongoni, akafariki mwezi uliofuata. Nchi yenye kila kitu hiyo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari: vinkristini isiwekwe tena kwenye bomba la sindano, iwekwe kwenye kimfuko kidogo cha dripu, kwasababu hakuna mtu atakayejaribu kuunganisha dripu kwenye mgongo wa mtoto.

Kwenu muulize hivi, kwa heshima tu: "Vinkristini ya mtoto mnaiweka kwenye mfuko au kwenye bomba la sindano?" na "Leo ni siku ya mgongo au ya mshipa?" Siku hizo mbili zikitenganishwa ndio salama zaidi. Siku ya mgongo kama unaona dawa nyingine ya kemo iko kwenye trei ileile, uliza kabla mtoto hajakunjwa. Hakuna nesi mwenye akili atakayekasirika. Na msikate tamaa na Burkitt, ni ugonjwa ambao ulielezwa hapo jirani Uganda na daktari Denis Burkitt mwaka 1958, na ni katika kansa zinazosikia dawa sana kwa watoto wakiwahi.

Mengine ya vinkristini ni choo kugoma, maumivu ya taya, ganzi vidoleni. Mtoto akianza kuburuza mguu au kushindwa kufunga vifungo vya shati semeni.

Kipchumba_Eld

Sawa kabisa, nimeandika hayo maswali. Ubarikiwe.

Binti Kigamboni

Dada nesi tumelazwa. Nimesema vilevile ulivyoandika, nimesoma kwenye simu kabisa neno kwa neno, daktari kaangalia kadi akatuingiza ndani moja kwa moja. Chembe nyeupe ziko chini sana, malaria hana. Ameshaanza sindano za mshipani. Amenuna lakini anakunywa uji.

Chuma Mboga

Mungu amsaidie mama. Huyo kununa ni dalili ya uzima

Nesi wa Zamu

Afadhali sana. Akinuna muache anune. Mdomo msukutue kila baada ya kula na kabla ya kulala, glasi ya maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi na nusu cha baking soda (sio magadi ya maharage), ateme asimeze. Mswaki laini. Zile dawa za kusukutua zenye spiriti aachane nazo zinachoma. Ukwaju, ndimu, pilipili na chai ya moto kwa sasa hapana. Mzunguko unaofuata madaktari watapunguza dozi au watachelewesha au watampa sindano ya kupandisha damu nyeupe, muulizeni lipi kati ya hayo, msikubali kuendelea kama hakikutokea kitu.

Fundi Simu Mwanza

Swali langu. Mke wangu kila mara tunaambiwa dawa zimeisha pale hospitali tukanunue nje. Famasi moja wakanipa doksorubisini ya bei mbaya mara kibao kuliko mwanzo wakasema hii ndio ya kisasa. Nimekwenda nayo nesi akaikataa tukagombana. Alikuwa sahihi?

Nesi wa Zamu

Alikuwa sahihi, na umshukuru. Kuna doksorubisini ya kawaida na kuna ya liposomu, yaani dawa imefungwa ndani ya vijimafuta vidogo. Ya liposomu inatumika kwenye sarkoma ya Kaposi, kansa ya ovari na kadhaa nyingine, dozi yake ni tofauti, inapitishwa kwenye dripu sio kusukumwa, na madhara yake ni mengine, viganja na nyayo vinaweza kubabuka. Hazibadilishani miligramu kwa miligramu hata siku moja. Kuna wagonjwa duniani wamepoteza maisha kwa kubadilishiwa hivyo. Soma box, neno "liposomal" likiwepo na kwenye cheti halipo, usilipe.

Na kuhusu kununua nje kwa ujumla, hapa inabidi niseme jambo ambalo halifurahishi. 2025 ulitoka utafiti kwenye jarida la Lancet Global Health, walichukua dawa za kansa za sindano kutoka Kamerun, Ethiopia, Kenya na Malawi, doksorubisini ikiwemo, wakazipima. Takriban asilimia 17 ya loti zilikuwa na dawa pungufu au zaidi ya ilivyoandikwa. Na kuangalia kwa macho hakukusaidia sana, box zilikuwa nzuri tu. Tanzania haikuwemo kwenye huo utafiti, lakini soko la dawa ni lilelile, sitaki kujidanganya. Kwa hiyo nunua famasi inayoeleweka, dai risiti, piga picha namba ya loti na tarehe ya kuisha, weka kwenye lile daftari. Mgonjwa akipata madhara yasiyo ya kawaida, au dawa imekaa ajabu, mwambie mfamasia ajaze ile fomu ya njano ya TMDA (mamlaka ya dawa ya Tanzania). Kenya mamlaka ya dawa ni Pharmacy and Poisons Board, wana ya njano ya madhara na ya pinki ya dawa mbovu.

Na usafiri! Ile iliyo tayari ya maji inakaa friji, nyuzi 2 mpaka 8. Watu wanaibeba kwenye mfuko wa rambo dirishani mwa daladala saa saba mchana. Beba kwenye kiboksi cha baridi, isigusane na barafu moja kwa moja isije ikaganda, isipigwe na mwanga. Usiende nayo kulala nyumbani kama unaweza, nunua asubuhi ya siku hiyohiyo.

Mama Wawili

Nesi mimi ndio mgonjwa. Nimechomwa jana, leo nakojoa mkojo mwekundu nimeshtuka nikajua figo zimekwisha. Pia nina mtoto wa miaka miwili analala na mimi, nimtenge?

Nesi wa Zamu

Pole mamii. Mkojo mwekundu siku ya kwanza na ya pili ni rangi ya dawa inatoka, mtu alitakiwa akwambie kabla hujatoka wodini. Ila kama na siklofosfamidi umepewa, na yenyewe inaweza kuchubua kibofu, hakikisha unakunywa maji lita 2 mpaka 3 kama daktari hajakuzuia kwa ajili ya moyo au figo, na usibane mkojo hata usiku. Rangi ikiendelea baada ya siku mbili, au kukojoa kunauma, au unaona mabonge, hiyo ni damu, rudi.

Mtoto usimtenge, mkumbatie. Dawa haitoki kwa kugusana. Ila mkojo, choo na matapishi ya siku hizo za mwanzo yana mabaki. Choo cha kuflashi funika kifuniko, flashi mara mbili, cha shimo mwaga maji ya kutosha, nawa. Anayekusaidia kufua mashuka yenye matapishi avae glavu, ayafue mbali na nguo nyingine. Kama unanyonyesha acha kwanza uongee na daktari, na mimba kipindi hiki hapana, tumieni kinga, na mkimaliza muulizeni daktari msubiri muda gani. Kichefuchefu dawa umeze kwa ratiba uliyopewa hata kama hujisikii vibaya, ondansetroni na deksamethasoni zinazuia vizuri kuliko zinavyotibu kilichoshaanza.

Chakula kula chochote kinachopita ila kiive. Kachumbari ya barabarani, mayai ya vuguvugu, maziwa ya kienyeji ambayo hayajachemshwa, achana navyo. Matunda ya kumenya mwenyewe, ruksa.

Mama Wawili

Asante kipenzi, nimetulia. Na nywele? Nishauri tu ukweli.

Nesi wa Zamu

Kwa hii dawa zitatoka, sikufichi. Wiki ya pili au ya tatu, zinatoka kwa mafungu kwenye mto na kwenye kitana, ngozi ya kichwa inaweza kuuma siku chache kabla. Wengi wanaona bora wanyoe mapema kwa mashine, sio wembe, wembe unakata ngozi, na chembe sahani ziko chini. Nyusi na kope nazo zinaweza kwenda. Kemo ikiisha zinarudi ndani ya miezi michache, wengine zinarudi laini au na mkunjo tofauti na za mwanzo. Kilemba cha kitenge cha pamba ni kizuri kuliko wigi kwa joto la Dar.

Naingia zamu ya usiku. Swali lolote wekeni hapa, sio inbox, ili na wengine wasome. Mwenye homa asiweke swali, aende.